Bi Shingo Abisha Hodi kwa Fundi Leoleo

Mafundi cherehani karibu wote wamesoma shule moja, na somo la kwanza katika shule hiyo ni maneno mawili tu: njoo kesho. Peleka suruali ipunguzwe, utaambiwa njoo kesho. Nenda hiyo kesho yake, njoo kesho. Utakwenda mpaka visigino viote sugu, na siku utakayoipata suruali yenyewe utakuta umenenepa, haikupandi. Msimulizi wenu ana shati kwa fundi mmoja hadi leo. Alilipeleka akiwa bado na nywele.

Ila palikuwa na fundi mmoja, mama wa makamo, mwembamba, futi kamba shingoni kutwa nzima, ambaye maneno hayo hayakuwahi kumtoka kinywani. Akisema leo, ni leo. Watu wakamwita Fundi Leoleo, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika, hata yeye mwenyewe akiitwa hilo la zamani alikuwa anageuka kuangalia nani anaitwa. Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, alikaa fundi mwingine, bwana mnene mpole aliyependa kuketi kwenye kigoda chake mlangoni na kuangalia watu wakipita. Huyo walimwita Fundi Kesho, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Jumatatu moja asubuhi mwalimu wa kwaya alikuja kwa Fundi Leoleo na mzigo wa kitambaa cha zambarau begani. Alikuwa bwana mfupi mwenye sauti nene, sauti ya mtu mwingine mkubwa aliyemwazima. Alitaka majoho kumi na sita, kola nyeupe, kifungo kimoja cheupe shingoni.

"Ijumaa saa kumi alasiri," alisema. "Jumamosi tunaimba, ukumbi mpya unafunguliwa. Usiponipa Ijumaa, watu wangu wataimba wamevaa mashuka."

Fundi Leoleo alipiga hesabu ya haraka. Matatu kwa siku, Ijumaa manne. Yatatoka, mradi asiugue wala asizungumze na mtu.

"Ijumaa saa kumi," alijibu.

Kule ng'ambo Fundi Kesho aliyasikia yote. Alicheka mpaka kigoda kikalia. "Safari hii utalisema tu, jirani!"

"Nitasema nini?"

"Neno letu! Njoo kesho! Mimi nakungoja hapa hapa, sina haraka."

Ilimchoma. Fundi Leoleo hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba ya ghorofa, hakuwa na kitu ambacho mtu angemwonea wivu. Alikuwa na hilo moja: ahadi yake haijawahi kulala. Likimponyoka neno lile mara moja tu, atakuwa fundi kama mafundi wengine, na jina lake litahamia kaburini kabla yake.

Alikaa na shangazi yake katika nyumba ndogo: chumba cha mbele ndicho karakana, chumba cha nyuma vitanda viwili, jiko, na kiwanja kidogo chenye kokoto. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto, na alimlea kwa adabu za chuma. Mtu akibisha hodi, mwitikie karibu kabla hajamaliza. Mgeni akiomba kitu, jibu ni bila shaka. Na juu ya yote, mgeni akiaga, usimwachie. "Ukimwachia mgeni akaondoka mara ya kwanza anapoaga," shangazi alikuwa akisema, kidole juu, "umemfukuza. Sema usiseme, umemfukuza."

Basi Jumatatu hiyo hiyo, joho la tatu likiwa chini ya sindano, mlangoni pakasikika, "Hodi!"

"Karibu!" Wote wawili waliitikia kwa pamoja, Fundi akiwa na pini sita mdomoni, bila kuinua uso.

Alipoinua, aliona miguu miwili. Akapandisha macho, akakuta miguu bado inaendelea. Akapandisha tena, akafika kwenye manyoya, kisha kwenye shingo, na shingo yenyewe ilikuwa imeshaingia ndani peke yake, kichwa kiko juu ya kabati kinasalimia, huku kiwiliwili kikiwa bado kizingitini kinajipangusa vumbi. Alikuwa mbuni.

Fundi akatema pini. Hakujua amwamkieje, akaona bora ampe shikamoo, kwa kuwa mwenye shingo ndefu kiasi hicho lazima ameona mengi.

"Marahaba, dada. Samahani kwa usumbufu," alisema mbuni kwa sauti ya upole sana. "Mimi napita tu. Naomba maji ya kunywa, kisha niendelee na safari yangu."

Mnashangaa mbuni kusema? Wao hawakupata nafasi ya kushangaa. Mtu akiwa na mgeni mlangoni na sufuria jikoni hana muda wa kushangaa.

"Bila shaka!" akasema Fundi, akaleta glasi. Mdomo wa mgeni haukuingia kwenye glasi. Akaleta bakuli, akaliweka sakafuni. Mgeni akasema akiinama sana anapata kizunguzungu. Bakuli likapandishwa mezani, kisha juu ya kabati. Mgeni akanywa, akageuza macho, akasema ni matamu, ila kama yangekuwa vuguvugu yangekuwa matamu zaidi. Yakapashwa moto. Alipomaliza, akakunja shingo kwa heshima.

"Nashukuru sana. Basi, wenyeji wangu, mimi niage."

Moyo wa Fundi ukaruka kwa furaha. Lakini shangazi alikuwa ameshakohoa, na kile kikohozi Fundi alikijua tangu utoto.

"Mbona mapema hivyo!" akasema Fundi.

"Hata hujakaa!" akadakia shangazi.

"Nina safari, mama."

"Safari haikimbii! Unataka watu waseme tumekunywesha maji tukakutoa nje? Kaa, bwana, kaa!"

Mbuni alitazama mlango, akatazama wenyeji, akatazama mlango tena. "Basi," akasema taratibu, "nikae kidogo."

Chenye kufaa kukaliwa kilikuwa kimoja, kiti cha shangazi chenye mito miwili. Mgeni akaketi. Shangazi akabaki amesimama, anatabasamu kwa meno yote, na magoti yake yana miaka sabini.

Jikoni wakampa jina. "Huyu Bi Shingo ataondoka jioni," Fundi alinong'ona.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi akajibu, akijisugua magoti.

Bi Shingo hakuondoka jioni. Aliaga mara mbili, na mara mbili akazuiwa. Jumanne asubuhi aliulizwa amelalaje katika kitanda cha shangazi, akasema amelala vizuri sana, ila miguu yake ililala nje, na ilisikia baridi, na ilimwonea wivu yeye mwenyewe aliyelala ndani. Kama kungekuwa na kitu cha kuunganishia kitanda...

"Bila shaka," akasema Fundi, na meza yake ya kukatia ikabebwa hadi chumba cha nyuma. Kuanzia hapo akawa anakata majoho sakafuni, amepiga magoti, chaki mdomoni.

Halafu kikaja chakula. Bi Shingo alisema yeye si mlaji, hapendi kusumbua watu, kokoto kidogo zinamtosha, tumbo la mbuni husaga kwa kokoto. Fundi akakimbilia uani akarudi na kokoto kiganjani.

"Zimeoshwa?"

Akaziosha.

"Kwa maji ya moto?"

Akaziosha kwa maji ya moto. Bi Shingo akasema za mviringo ndizo zinazomfaa, zenye pembe zinamkwaruza. Shangazi, ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja, akakaa uani kutwa nzima akichagua kokoto moja moja, za mviringo huku, za pembe kule. Na ajabu ni kwamba kila ombi lilipotimizwa, Bi Shingo hakufurahi. Alishusha pumzi ndefu, akainamisha kichwa, akashukuru kwa sauti ya mtu aliyekosa alichokitaka. Jioni akaaga. "Mbona mapema!" wakasema, na akabaki.

Jumatano Fundi alimvuta shangazi jikoni. Majoho yalikuwa sita kama alivyopanga, lakini mgongo wake ulikuwa hauwezi kunyooka.

"Shangazi, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Leo ya ngapi?"

Shangazi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena akitumaini vitapungua. "Ya tatu. Lakini jembe tunalo?"

"Hatuna."

"Basi."

"Basi nimpe kazi nyingine, hata ndogo. Wahenga hawatagombana nasi kwa jembe."

Shangazi akakubali kwa shingo upande. Fundi akachukua kopo la vifungo vilivyochanganyika, akampelekea mgeni na kumwomba, kama si usumbufu, amtengee vyeupe huku na vyeusi kule. Bi Shingo alikubali mara moja, tena kwa bashasha. Nusu saa baadaye Fundi akarudi, akakuta kopo tupu.

"Nimemaliza," akasema Bi Shingo.

"Viko wapi?"

"Vyeupe vilikuwa vitamu. Vyeusi vina uchachu kidogo." Akamkazia Fundi macho makubwa yale, anangoja. "Umekasirika?"

Mbuni wa watu alikuwa anangoja kwa hamu, lakini Fundi hakuliona hilo. Aliona kopo tupu tu, na vifungo vyote vyeupe vya majoho kumi na sita vimo tumboni mwa mgeni, na kesho kutwa ni Ijumaa.

"Hapana neno kabisa," akasema. "Vitapatikana vingine."

Bi Shingo akafumba macho kama mtu aliyepigwa. Kisha akayafumbua na kusema kwamba kwa kuwa yote ni sawa, anaomba jambo moja dogo: ile cherehani ina maneno mengi, inamkosesha usingizi wa mchana. Cherehani ikahamishiwa jikoni, kati ya ndoo na gunia la mkaa. Fundi akawa anashona goti moja limegusa ndoo, na kila akikanyaga kwa nguvu maji yanamrukia. Siku hiyo yalitoka majoho mawili.

Alhamisi ilikuwa zamu ya shingo. Bi Shingo alisema anahisi baridi kuanzia kidevuni hadi kifuani, na hiyo kwa mbuni si safari fupi. Shangazi akamfunga kitambaa chake cha kichwa, kikafunika mahali pa kiganja kimoja. Bi Shingo akatupa jicho kwenye kitambaa cha zambarau.

"Rangi ile ingenipendeza," akasema. "Mizunguko miwili, na ncha zining'inie."

Fundi akapima. Alipima mara mbili, maana hakuamini. Mizunguko miwili na ncha zake ilikuwa kitambaa cha majoho mawili kamili. Akamtazama shangazi, shangazi akatazama dari. Akachukua mkasi. Akakata, na kwa kuwa hajui kufanya kazi mbovu hata akiwa anajiangamiza, akaikunja ile skafu pindo zuri pande zote nne. Shangazi akapewa kazi ya kumpepea mgeni asipate joto ndani ya skafu.

Ijumaa ilimkuta na majoho kumi. Yalibaki sita, kitambaa cha manne, vifungo hakuna hata kimoja. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na shingo yake si ya mbuni. Saa mbili asubuhi alikaa jikoni mikono mapajani, akajaribu kusema lile neno kimya kimya, alizoee. Njoo. Akashindwa kumalizia. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha kola.

Saa tatu mwalimu wa kwaya akasimama mlangoni. "Fundi! Nilikuwa napita! Saa kumi ipo palepale?"

Fundi Leoleo akatoka jikoni, nywele zimesimama, nyuzi za zambarau mpaka kwenye nyusi. Ng'ambo, Fundi Kesho akainuka kwenye kigoda chake, kitu ambacho mtaa haukuwa umekiona kwa muda mrefu, akatega sikio. Shangazi akaacha kupepea.

Fundi akafungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, kutoka chumba cha nyuma shingo ilijitokeza, imevishwa skafu, ikapita juu ya vichwa vya watu hadi katikati ya karakana.

"Dada," akasema Bi Shingo, "bwana huyu ana sauti nene, inaniumiza masikio. Mwambie aje kesho."

Fundi Leoleo alihisi kitu kinapanda kutoka kwenye nyayo, kinapita kwenye magoti yaliyochubuka kwa kukata sakafuni, kinapita kwenye mgongo uliopinda, kinafika kooni. Hakukijua. Alidhani ni kwikwi.

"Hapana," akasema.

"Samahani?" akauliza Bi Shingo, na shingo ikanyooka.

"Hapana! Nimesema hapana! Simwambii aje kesho, si leo, si milele! Na hiyo skafu ivue! Na meza yangu naitaka, na kiti mpe shangazi yangu akae, magoti yameisha, na cherehani inarudi dirishani sasa hivi iongee mpaka ichoke! Hapana, hapana, na hapana!"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Shangazi akakaa chini pale pale alipokuwa. Mwalimu wa kwaya akarudi nyuma hatua moja.

Macho ya Bi Shingo yalijaa machozi, nayo macho ya mbuni yanachukua machozi mengi.

"Umekataa," akanong'ona.

"Nimekataa," akasema Fundi, naye analia. "Nisamehe."

"Rudia tena, tafadhali. Mara moja tu."

"Ha... hapana."

"Asante!" Bi Shingo akakunjua mbawa zote mbili, majoho yakapeperuka kwenye misumari. "Asante, dada yangu! Siku tano! Siku tano nakungoja unikatalie!"

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo akaeleza, huku akijifungua skafu kwa haraka. Yeye alikuja kunywa maji, basi. Mdogo wake yuko karibu kuangua, mayai kumi na moja, na alimwahidi atakuwepo. Lakini kila akiaga anaambiwa mbona mapema, na yeye naye amelelewa. Mama yake aliwafundisha kwamba mwenyeji akikuzuia, kumkatalia ni kumtukana.

"Nikajisemea, nitaomba kitu wasichoweza kunipa. Wakinikatalia nitanuna kidogo, niseme 'haya, naona nimewachosha', niondoke kwa heshima zangu. Nikaomba kokoto zioshwe. Mkaziosha! Nikaomba za mviringo, mama wa watu akachagua kutwa nzima! Nimekula vifungo, dada! Nani anakula vifungo vya mtu na kuambiwa vitapatikana vingine? Na hii skafu inawasha."

"Na tumbo?" akauliza shangazi kutoka sakafuni.

"Linanisokota tangu Jumatano, mama. Basi leo nikaona sina budi. Pale dirishani nimesikia mtaa mzima ukisema kuna neno moja huyu hatalisema. Nikaliomba hilo." Akakunja shingo kwa heshima kuu. "Wenyeji wangu, mimi niage."

Mdomo wa shangazi ukafunguka wenyewe, kwa mazoea ya miaka sabini. "Mbona ma—"

Fundi akamziba kwa kola ya joho.

Kumsindikiza alimsindikiza, adabu ni adabu. Walitembea hadi kwenye kona, Fundi akikimbia kidogo ili zilingane hatua. Kwenye kona akasimama, akaona haya kwa yale maneno yake yote, akasema, "Umeniona mkali. Najua hutarudi."

"Nitarudi," akasema Bi Shingo. "Tena kwako ndiko nitakakorudi kwa moyo mweupe. Jumatatu uliniambia karibu, nikakaa siku tano sijui kama unanipenda au unanivumilia. Mtu asiyeweza kusema hapana, karibu yake utaijuaje? Sasa ukiniambia karibu nitajua ni karibu." Akamgusa utosini kwa mdomo. "Rudi, dada. Una majoho."

Akaondoka mbio, na mbuni akikimbia hakuna haja ya kumwangalia, ameshafika.

Fundi alirudi akamkuta mgeni mwingine karakanani. Fundi Kesho amesimama katikati ya chumba na sanduku la vifungo, vyeupe vitupu, vipya kabisa. Alikuwa navyo tele, kwa sababu katika maisha yake ya ufundi hakuna nguo iliyowahi kufika hatua ya kufungwa kifungo.

"Nimekuja kukopesha," akasema. Kisha, akijikuna shingo: "Na makola najua kushona. Nikianza, huwa najua. Tatizo langu ni kuanza."

Meza ikarudi, cherehani ikarudi dirishani ikaanza maneno yake. Skafu ikafumuliwa pindo zake zote nne, ikakatwa, ikawa majoho mawili. Shangazi alikaa kwenye kiti chake chenye mito miwili na kutunga uzi sindanoni, miwani puani. Saa nne, saa sita, saa nane. La kumi na tano liliisha saa tisa na nusu. La kumi na sita lilikuwa bado lina joto la pasi mwalimu wa kwaya alipobisha hodi, saa kumi kamili, na Fundi Leoleo akasema karibu.

Mwalimu alihesabu, akageuza kola, akavuta kifungo, akaridhika. Alipofika mlangoni na mzigo wake akageuka. "Nimekumbuka! Kofia! Kumi na sita, za rangi hiyo hiyo. Kesho alfajiri kabla hatujaimba?"

Fundi Kesho, aliyekuwa amekaa pembeni akipumzisha vidole, akafungua mdomo kumsaidia jirani kwa neno analolijua vizuri. Fundi Leoleo alimwahi.

"Hapana, mwalimu. Sitaweza."

"Haya," akasema mwalimu. "Sawa." Na akaenda zake, anaimba kwa sauti ile nene.

Fundi Kesho alibaki ameduwaa. "Hivyo tu? Unawaambia tu, na wanaondoka?"

"Hivyo tu."

"Miaka yote hii mimi nawaambia njoo kesho kwa sababu naogopa kuwaambia hivyo," akasema polepole, akachukua sanduku lake la vifungo. Alivuka barabara akifanya mazoezi kwa sauti ndogo, hapana, hapana, na mwenye baiskeli akampigia kengele.

Fundi Leoleo aliingia jikoni, akachemsha chai. Alimmiminia shangazi kikombe, akatia vijiko vitatu vya sukari kama alivyofanya tangu alipokuwa binti mdogo, akampelekea kwenye kiti. Shangazi alikipokea. Akakitazama. Akakitazama muda mrefu, akakirudisha kwenye sinia.

"Hapana," akasema shangazi.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sukari siipendi. Sijawahi kuipenda."

"Shangazi! Miaka thelathini na nane nakutilia vijiko vitatu!"

"Ulikuwa na miaka saba uliponipikia mara ya kwanza," akasema shangazi. "Ulikuwa umekuja kukaa kwangu wiki hiyo tu, hucheki, huli. Ukaniletea kikombe kwa mikono miwili, unaniangalia. Ningekwambiaje siipendi?"

Fundi Leoleo alimwangalia shangazi yake. Kisha akachukua kile kikombe, akakinywa chote yeye mwenyewe, akarudi jikoni kumpikia kingine.